Picha za watoto waliouawa vitani: tunatoa ushahidi au tunavunja sitara?



Mama mmoja wa Nansio, Ukerewe, ametuletea swali ambalo tulidhani tungelijibu kwa mistari mitatu. Tumeshindwa. Anasema yumo katika kundi la WhatsApp la wazazi wa madrasa, lililoanzishwa kwa ajili ya ada, ratiba za mitihani na taarifa za misiba. Tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, karibu kila siku baada ya Isha huingia picha: mtoto katika sanda iliyoloa damu, mtoto aliyefunikwa na kifusi akabaki mkono tu unaoonekana, na nyingine ambazo hatutazieleza hapa. Binti yake wa miaka saba alichukua simu atazame katuni, akakutana na mojawapo. Hakulia. Aliuliza mtoto yule anaitwa nani. Mama hakuwa na jibu, kwa sababu aliyeituma hakuandika jina, wala mahali, wala siku. Aliandika tu kwamba asiyeisambaza imani yake ina kasoro.

Sasa mama anauliza: akijitoa katika kundi lile, atakuwa amewapa mgongo ndugu zake Waislamu? Na anayezituma, je, anapata thawabu?

Kabla ya kumjibu inatubidi tukiri jambo. Mwishoni mwa mwaka 2023 sisi wenyewe tulisambaza picha ya watoto wamelazwa sakafuni, tukiamini ni ya Khan Younis. Msomaji wetu mmoja wa hapa Mwanza akatuonyesha kwamba picha ile ilipigwa Syria miaka mingi nyuma. Tuliifuta, lakini ilikuwa imekwisha kufika kwenye makundi ambayo mkono wetu haufiki. Watoto wale walikuwa wameuawa kweli, na Waislamu kweli, ila si pale wala siku ile. Aliyefaidika na kosa letu ni yule aliyekuwa akitafuta sababu ya kusema kwamba picha zote za Gaza ni za kutunga. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayotuamuru kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, tulikuwa tunaihifadhisha madrasa tangu utotoni. Tulishindwa kuitumia siku tuliyoihitaji.

Watu wengi wanaona jambo hili ni la Mashariki ya Kati, na sisi tunalitazama kwenye simu tu. Lakini sisi wa ziwa hili tuna kisa chetu, na wenye umri wa miaka arobaini na zaidi wanakikumbuka.

Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda, wauaji walizitupa maiti mitoni. Mto Kagera ukazibeba, ukazipitisha kwenye maporomoko ya Rusumo mpakani mwa Rwanda na Ngara, ukazileta mpaka Ziwa Victoria. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania kwa muda wa kama siku moja. Waandishi wa habari waliokuja kuwatazama wakimbizi wakaelekeza kamera chini ya daraja, na ndipo dunia ilipoona maiti zikizungushwa na maji, watoto wachanga wakiwa miongoni mwao.

Mto ule unaingia ziwani upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka wetu, mahali panapoitwa Kasensero. Wavuvi wa pale na wa mialo mingine ya kaskazini waliziopoa maiti hizo kwa mitumbwi yao. Zaidi ya watu 10,000 wamezikwa Kasensero, Lambu na Ggolo katika makaburi ya pamoja. Kasensero peke yake zaidi ya 2,800. Waliowazika hawakujua majina yao, wala mama na mtoto wake hawakuweza kuwekwa pamoja, maana nani angejua yupi ni wa nani.

Picha zile zilifanya nini? Tarehe 21 Aprili, kabla hazijaenea, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekwisha kuamua kupunguza kikosi chake Rwanda kibaki na watu wapatao 270 tu. Mwezi Mei dunia ikaziona maiti za Kagera. Tarehe 17 Mei Baraza likakubali kupeleka askari 5,500, lakini askari hao hawakutimia mpaka mauaji yalipokoma mwezi Julai. Waliouawa kwa siku mia moja hivi wanakadiriwa kufika 800,000 au zaidi. Nchini Uganda athari iliyoonekana upesi kuliko zote ilikuwa sokoni: watu waliacha kula samaki. Hatusemi hili kwa kejeli. Mtu mwenye watoto ana haki ya kuuliza maji anayokunywa yana nini. Lakini linatuonyesha kwamba picha ya kutisha inaweza kumfanya mtu ajifikirie yeye na sufuria yake kabla hajamfikiria aliyeuawa.

Mwezi Julai ikaja sura ya pili ya kisa hicho, na hii inatusumbua zaidi. Mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka kuingia Goma, kipindupindu kikawakuta juu ya mawe ya volkano pasipo maji, na makumi ya maelfu wakafa. Kamera zilikuwepo. Picha za watoto waliolala kando ya mama zao waliokwisha kufa zilizunguka dunia nzima, na safari hii misaada ikaja kwa ndege. Watazamaji wengi wa mbali waliamini kuwa wale ndio walionusurika mauaji ya kimbari. Ukweli ni kwamba ndani ya umati ule walikuwemo wanajeshi na wanamgambo waliokuwa wameua, na ndio walioishika kambi, wakagawa chakula cha msaada watakavyo na kujipanga upya kwa vita. Moto uliowashwa kambini pale haujazimika mashariki mwa Congo hadi leo. Januari 2025 Goma imetekwa tena, na simu zetu zikajaa tena maiti za barabarani.

Mtoto aliyekufa kwa kipindupindu Goma hakuwa na kosa lolote, na aliyempelekea maji alifanya jambo jema. Tunachosema ni kwamba picha ilimwonyesha aliyekufa, haikumwonyesha aliyeua, na watu wakadhani wamekwisha kuelewa. Huruma bila maarifa ilijengea wauaji ghala.

Je, basi picha hazina faida? La. Wapo wanaotaka tuseme hivyo, na wengi wao ni wale wanaonufaika watu wakinyamaza. Siku za mwanzo za mauaji ya Rwanda, mwandishi mmoja Mwingereza, Nick Hughes, alirekodi kutoka mbali, akiwa juu ya jengo moja Kigali, wanawake wakiuawa barabarani. Picha za mauaji yenyewe yakitendeka ni chache mno, na hiyo ni mojawapo. Miaka michache baadaye mkanda ule uliwekwa mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, hapa hapa Tanzania, jijini Arusha, katika kesi ya mmoja wa viongozi wa Interahamwe. Huo ni ushahidi kwa maana yake kamili: mtu anayejulikana, aliyekuwa mahali panapojulikana, siku inayojulikana, akausimamia mbele ya hakimu. Aya ya 283 ya Suratul Baqara inakataza kuficha ushahidi na kuufanya kuwa dhambi ya moyo. Wapiga picha wa Gaza, ambao wengi wameuawa wakiwa kazini, wako katika mlango huo, na tunamuomba Allah awalipe kwa niaba yetu.

Lakini hebu angalieni Wapalestina wenyewe walifanya nini walipoambiwa waongo. Tarehe 25 Oktoba 2023 Rais wa Marekani wa wakati ule, Joe Biden, alisema haamini idadi ya vifo inayotolewa Gaza. Kesho yake Wizara ya Afya ya Gaza haikujibu kwa picha ya kutisha zaidi. Ilitoa orodha ya majina 6,747, kila jina na umri wake na namba ya kitambulisho, watoto wakiwa 2,665. Orodha zilizofuata zimepita watoto 18,000. Siku hizo hizo wazazi wa Gaza walikuwa wanaandika majina ya watoto wao kwa kalamu ya wino kwenye miguu na mikono, ili bomu likianguka mtoto asizikwe bila jina. Mzazi anayefanya hivyo anatufundisha anachokitaka kwa mwanawe: ajulikane, kisha asitiriwe. Hicho ndicho walichokikosa watu wa Kasensero. Na ndicho alichokiuliza binti wa Nansio.

Sasa tuje kwenye hukumu. Tunajua wanazuoni wamehitilafiana juu ya picha za kamera, na wengi wa zama hizi wanaziruhusu panapokuwa na haja; hatutaufungua mlango huo leo. Suala letu ni maiti. Sote hapa tumeona maiti ikioshwa. Pazia hufungwa, wanaingia wachache wenye elimu na uaminifu, uchi wa maiti unafunikwa wakati wote, na muoshaji akiona jambo la kuchukiza hufa nalo moyoni. Imepokewa kwamba anayemwosha Muislamu akamsitiri husamehewa mara arobaini. Kaburini, hasa kwa mwanamke, hushikwa shuka juu mpaka afunikwe. Dini iliyoweka ulinzi wote huo kwa maiti aliyekufa kitandani haiwezi kuuondoa kwa mtoto aliyeuawa, eti kwa kuwa yuko mbali na tuna bando.

Na kuna kisa cha Uhud kinachoweka mpaka vizuri. Hamza (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), aliuawa na mwili wake ukakatwakatwa. Dada yake Safiyya (R.A.) akaja kumtazama. Mtume akamtuma Zubayr, mtoto wa Safiyya mwenyewe, amrudishe mama yake asione. Safiyya akajibu kwamba habari ameshazipata na kwamba atasubiri kwa ajili ya Allah. Mtume alipoambiwa hayo akaruhusu apite. Alimtazama, akamwombea. Vitabu vya Sira vinaeleza pia kwamba alileta nguo mbili za kumkafini, na kwa kuwa kando yake alikuwepo Ansari aliyefanyiwa vile vile na hana sanda, wakagawana moja moja.

Ukikitafakari kisa hicho, asili ilikuwa kumzuia mtu asione. Aliyeruhusiwa alikuwa wa damu, mtu mzima, aliyejiandaa, aliyekuja na kitambaa mkononi. Mtoto wa miaka saba anayetafuta katuni hana hata sifa moja katika hizo, wala huyo anayepokea picha akiwa kwenye daladala ya Kisesa.

Ziko picha za aina nyingine ambazo tunaziogopa zaidi: zile zilizopigwa na muuaji mwenyewe. Mji wa El Fasher, Sudan, ulipotekwa na wapiganaji wa RSF tarehe 26 Oktoba 2025 baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, wapiganaji wale walijirekodi wakiua raia na wakazirusha wenyewe mitandaoni kwa kujisifu. Muislamu anamuua Muislamu na kupiga picha. Tuliona kwamba makundi yale yale yanayofurika picha za Gaza yalikuwa na machache sana ya kusema kuhusu Sudan, labda kwa sababu huko hakuna wa kumlaani ambaye si wetu. Video kama hizo zina thamani mahakamani na kwa wanaokusanya ushahidi, na ikikufikia isiyojulikana, wapelekee hao. Ukiirusha kwa jirani unamfanyia muuaji kazi yake, kwani yeye alitaka watu waone na waogope.

Kanuni hiyo haichagui upande. Mtume (S.A.W.) alipoona mwanamke ameuawa katika moja ya vita alikemea na akakataza kuua wanawake na watoto, na waliouawa hawakuwa Waislamu. Watoto wa Kiisraeli waliouawa tarehe 7 Oktoba 2023 wamo katika katazo hilo. Siku ile waliuawa pia vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wamekwenda Israel kujifunza kilimo, na video ya kuuawa kwa mmoja wao ilisambaa mitandaoni. Ana wazazi, katika nchi hii hii, wenye simu kama zetu.

Kwa watu wa visiwani hatuhitaji kueleza sana maana ya hilo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka hatua chache kutoka Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa maji, wakiwemo watoto. Ndugu walikuja kutambua maiti zao ufukweni Bwisya. Kuna familia ambazo msiba uliwafikia kama picha kwenye simu kabla haujawafikia kama salamu ya ndugu. Ile haikuwa vita, lakini anayeuliza ubaya uko wapi katika kurusha picha ya maiti na aende Ukara akaulize.

Hoja tunayosikia mara nyingi ni kwamba bila picha hizo watu hawatatoa sadaka. Ina ukweli ndani yake. Alan Kurdi, mtoto wa Kisyria aliyekufa maji tarehe 2 Septemba 2015, alipigwa picha akiwa amelala kifudifudi kwenye ufukwe wa Uturuki. Watafiti walipofuatilia mfuko mmoja wa Msalaba Mwekundu wa Sweden waliona idadi ya wachangiaji kwa siku ikipanda karibu mara mia katika wiki ya kwanza. Katika wiki chache tu ikawa imeshuka tena. Jambo moja lilibaki: baadhi ya waliojiandikisha kutoa kila mwezi waliendelea kutoa. Sisi tunaona hapo ndipo pa kushika. Picha ile, tukumbuke, haikuwa na damu wala jeraha, na mtoto alikuwa amevaa nguo zake na viatu vyake. Anayedhani kwamba ni lazima aonyeshe matumbo ndipo mioyo iguswe, hajaitazama picha hiyo vizuri.

Tena kuna moyo kuota sugu. Mwaka wa kwanza watu walikuwa wanalia msikitini picha zikitajwa. Leo tunawaona vijana wakizipitisha kwa kidole gumba, maiti, kisha goli la Simba, kisha tangazo la viatu. Hilo si kosa la vijana peke yao. Tumewalisha kipimo kikubwa mno.

Basi mama wa Nansio, jibu letu ni hili, na mwenye elimu zaidi atusahihishe. Kujitoa katika kundi lile hakukutoi katika kuwajali ndugu zako, wala hakuna dhambi juu yako. Kulinda macho ya mtoto aliye mikononi mwako ni wajibu wako wa kwanza. Ukiweza kubaki, zima ile sehemu ya kupakua picha zenyewe kwenye simu, na umuombe ustadhi awawekee wazazi sharti: picha isiyo na jina la mahali, siku na aliyeipiga isiingie, maiti iliyo wazi isiingie kabisa, na kila habari ya msiba iambatane na jambo la kufanya, iwe dua, iwe mchango kupitia njia inayojulikana na yenye hesabu. Ustadhi akikataa, ondoka kwa amani.

Anayezituma hatuwezi kumhukumu nia yake. Huenda analia anapozituma. Lakini kumwambia Muislamu kwamba imani yake ina kasoro asiposambaza maiti ni kuzua sharti ambalo Allah hakuliweka, na hilo aliache leo.

Kuhusu binti, usimwambie kwamba haikuwa kweli. Ameona na anajua ameona. Kaa naye, mwache aulize yote, mwambie kuna watu wanauawa bila haki na kuna madaktari na majirani wanaowasaidia, kisha mwombeeni pamoja mtoto yule. Akiendelea kuota au kuogopa kulala, mpeleke kwa wahudumu wa afya, hakuna aibu katika hilo. Na swali lake la jina, tumejaribu kulitafutia jibu. Tuliitafuta picha ile kwa siku mbili, tukaikuta imenakiliwa mahali pengi, kila pahali na maelezo yake, hakuna palipotaja mtoto ni wa nani.

Wallahu a'lam.